Sufuria ya Pembeni

Tulianza Kwaresma tukiwa tisa. Jumatano ya Majivu, baada ya ibada ya jioni, tulikubaliana kwamba kwa siku 40 hatutagusa nyama, na kwamba fedha ambayo tungenunulia nyama tutaiweka kwenye kibubu cha diakonia. Usharika ulitupokea vizuri. Jumapili tulitajwa kwenye matangazo kuwa mfano wa kuigwa. Tulipofika kwenye jumuiya, mama mwenye nyumba alikuwa ametutengea kiburu na makande bila sisi kumwomba. "Karibuni wanangu," alisema, "hiki nimewapikia ninyi." Pasaka ikafika. Watatu kati yetu walirudi kwenye nyama, na tukafurahi pamoja nao. Sisi sita tuliobaki tuliona hatutaki kurudi. Hapo ndipo tulipojifunza jambo lililotufanya tuandike: watu walewale waliotusifu kwa siku 40 walianza kutucheka siku ya 41.

Tulikuwa sita. Sasa kwenye jumuiya tumebaki watano, na huyo wa sita tutamzungumzia.

Kwanza tuseme sisi ni nani, maana mengi yamesemwa kwa niaba yetu. Mmoja wetu aliambiwa na daktari apunguze nyama nyekundu kwa sababu ya gauti, akaona kuacha kabisa ni rahisi kuliko kupunguza. Wawili ni mtu na mkewe. Walipiga hesabu za nyumba yao wakakuta nyama ilikuwa inakula ada za watoto. Mmoja alikua akichunga mbuzi wa babu yake, na kila mbuzi alimpa jina. Alikula nyama miaka mingi huku moyo ukimsuta, mpaka Kwaresma ilipompa ruhusa ya kuacha. Wawili waliosalia hawana sababu nyingine ila kwamba katika siku zile walipata utulivu katika sala, wakaogopa kuupoteza. Ni sababu tofauti, na hatujawahi kutaka ziwe moja. Hakuna hata mmoja wetu anayefundisha kwamba nyama ni dhambi. Hatujamwambia mtu yeyote aache.

Hata hivyo tulipewa majina. "Wala majani wamefika." "Siku hizi mnasali wapi?" "Mnajiona watakatifu kuliko Mchungaji?" Haya yalisemwa kwa kicheko, na anayechekwa akionyesha kuumia huambiwa hajui utani. Halafu zikaja zile hila za jikoni ambazo kila asiyekula nyama anazijua. Maharage yanaungwa kwa mchuzi wa ng'ombe, na ukiuliza unaambiwa, "Toa hivyo vinyama, kula mchuzi." Ukisema huli nyama unaletewa paja, "Hiyo ni kuku, si nyama." Ukiacha paja unaletewa dagaa. Ukiacha dagaa, mwenye nyumba ananyamaza, na kimya chake kinauma kuliko utani wote. Kwenye harusi ya mwaka huohuo tulitoa mchango kamili kama wenzetu, tukakaa mbele ya ndafu iliyopambwa, tukala wali mkavu na kachumbari. Mzee mmoja tunayemheshimu alituuliza, "Wanangu, nani amewaudhi?"

Swali lile lilikuwa la kweli, na tunataka kulijibu kwa heshima. Kwetu huku mteremkoni mwa Kilimanjaro nyama si chakula tu. Watu wanapopanda mlima kurudi nyumbani wakati wa Krismasi, mbuzi anapochinjwa, kila kiungo kina mwenyewe. Mgawo wa nyama unasema nani ni baba, nani ni mkwe, nani ni shangazi, nani ameheshimiwa na nani amesahauliwa. Anayekataa fungu lake anaonekana amekataa nafasi yake katika ukoo. Tunalijua hilo kwa sababu tumezaliwa humo. Bibi anayelia kwa sababu mjukuu wake hakugusa supu aliyoichemsha tangu alfajiri hana kosa. Tunamwomba radhi, tunambusu mkono, na tunamwomba atupe ndizi.

Lakini usharika si ukoo. Tulipobatizwa hatukupewa nafasi kwa kipande cha nyama. Tulipewa kwa neema, na meza tuliyoalikwa ina mkate na divai. Kama kanisa linampima mtu kwa kile anachokiacha pembeni ya sahani, basi tumeleta mezani pa Bwana sheria ambayo Bwana hakuiweka, na wanaofanya hivyo ndio wanaopaswa kujieleza.

Tunajua maandiko tunayorushiwa, kwa hiyo na tuyasome pamoja.

Wa kwanza hutuletea 1 Timotheo sura ya 4, pale mtume anapoonya juu ya watu watakaowazuia wengine wasile vyakula alivyoviumba Mungu. Tunaliamini neno hilo lote. Lakini linawahusu wanaowakataza wengine. Mtu anayeweka mkono juu ya sahani yake mwenyewe hajamkataza mtu. Tena ukilisoma kwa haki, linamgusa pia yule anayesema maharage, mchicha na ndizi si chakula cha kumtosha mtu mzima. Hivyo navyo viliumbwa na Mungu, tena katika Mwanzo sura ya 1 ndivyo vilivyotajwa kwanza kuwa chakula cha binadamu. Ruhusa ya nyama inakuja sura ya 9, baada ya gharika. Hatusemi kwamba kilichotangulia ni kitakatifu kuliko kilichofuata. Tunasema tu kwamba mchicha haukuingia duniani kwa uzushi.

Wa pili hutuletea maono ya Petro katika Matendo sura ya 10. Petro aliambiwa achinje na ale, wanatuambia, ninyi ni nani mkatae? Endeleeni kusoma. Maono yale hayakumalizikia kwenye chakula. Yalimpeleka Petro mlangoni pa Kornelio, mtu ambaye hapo awali asingeingia nyumbani mwake. Fundisho lenyewe ni kwamba chakula kisiwe ukuta kati ya watu wawili waliopokewa na Mungu mmoja. Anayetumia maono hayo kujenga ukuta amekosa kusoma nusu ya sura.

Wa tatu ndiye mwenye hoja nzito, maana anatuletea Warumi sura ya 14, ambako Paulo anamtaja mtu anayekula mboga tu na kumwita dhaifu. "Mmeona? Ninyi ni dhaifu wa imani." Sawa. Hatutabishana juu ya jina hilo. Tumeitwa mabaya zaidi. Tunaomba tu sura isomwe mpaka mwisho. Paulo anaanza kwa kuamuru kwamba dhaifu huyo apokewe, na asipokewe kwa ajili ya kuhojiwa. Kisha anatoa amri mbili, moja kwa kila upande wa meza: anayekula asimdharau asiyekula, na asiyekula asimhukumu anayekula. Katika usharika wetu tumehubiriwa amri ya pili mara nyingi. Ya kwanza hatukumbuki kuisikia hata mara moja. Na tukienda 1 Wakorintho sura ya 8, Paulo mwenyewe, yule mwenye nguvu, anasema yuko tayari kuacha nyama maisha yake yote kuliko kumkwaza ndugu yake. Nguvu anayoifahamu Paulo ni ya kumwachia ndugu nafasi. Sisi hatuwaombi mwache nyama maisha yenu yote. Tunawaomba sufuria moja ya pembeni.

Kuna habari nyingine tunayoipenda zaidi, ya Danieli. Watoto wetu wa shule ya Jumapili wanaijua: vijana wanne ugenini Babeli, Danieli, Hanania, Mishaeli na Azaria, walikataa chakula cha mfalme wakaomba mboga na maji. Tunapoihubiri tunasifu ujasiri wao. Ni haki. Lakini angalieni mambo mawili tunayoyaruka. Walikuwa wanne, Danieli hakuachwa peke yake mezani. Na palikuwa na msimamizi, mtu wa Babeli asiyemjua Mungu wao, aliyekubali kuwajaribu kwa siku 10. Mkuu wake alikuwa ameogopa kwamba jambo hilo lingemgharimu kichwa. Msimamizi akakubali hata hivyo, akawaletea walichoomba. Sisi tunauliza kwa uchungu: mpagani wa Babeli aliwapa wageni siku 10 na chakula chao, je, jumuiya ya Kikristo inashindwa kumpa mshirika wake jioni moja ya Alhamisi?

Wengine wanadhani jambo hili ni mtindo mpya ulioletwa na watu wa mijini. Historia ya kanisa inasema vingine. Ndugu zetu wa Kanisa la Kiorthodoksi la Ethiopia, hapo jirani kaskazini, hufunga Jumatano na Ijumaa karibu mwaka mzima, na tena katika majira marefu ya kufunga kama yale ya kabla ya Pasaka. Katika siku hizo hawali nyama, wala maziwa, wala mayai. Hakuna anayeulizwa nani amemuudhi. Dengu zimepikwa, kunde zimepikwa, injera imetandikwa, na nyumba nzima inakula pamoja. Si kwamba wao wana nia ngumu kuliko sisi. Wanaacha wakiwa wengi, na anayeacha pamoja na wenzake hana haja ya kujitetea kila anaponawa mikono.

Huko Uingereza, mwaka 1809, mchungaji William Cowherd wa mji wa Salford aliwataka washarika wake waache nyama. Usharika ule ulijulikana pia kwa kuwagawia maskini wa mji supu ya mboga. Mwaka 1817 baadhi yao walivuka bahari hadi Philadelphia, Marekani, wakiongozwa na William Metcalfe. Na chama cha walaji wa mboga cha Uingereza kilipoanzishwa Ramsgate mwaka 1847, mwenyekiti wake wa kwanza, James Simpson, alitoka katika kanisa hilohilo. Yaani miongoni mwa waliokianzisha walikuwamo watu waliojifunza kula hivyo kanisani, wakishirikiana sufuria na sala. Hatuwasifu katika yote. Walifanya chakula kuwa sharti la ushirika, na hapo walikosea amri ya pili ya Paulo, kama sisi tunavyokosea ya kwanza. Lakini walijua jambo ambalo sisi tumelisahau: anayeanza njia ngumu anahitaji watu wa kutembea naye, na kanisa ndipo mahali pa kwanza pa kuwatafuta.

Sasa tufike kwa yule wa sita. Ni fundi seremala, kijana, hajaoa. Sisi wengine tuna nyumba zetu. Tukichekwa jumuiyani tunarudi kupika tunachotaka. Yeye alikuwa anakula kwa mama ntilie mchana, na chakula chake cha pamoja kwa wiki kilikuwa kile cha jumuiya. Alivumilia miezi minne. Siku moja alikuta wamemwekea nyama chini ya wali, kwa mzaha, na watu wakimtazama aone. Alikula tonge mbili, akagundua, akaweka sahani chini taratibu, akaaga. Hajarudi. Baadaye tulisikia kwamba siku za Jumamosi anakaa na jirani zetu Wasabato, ambao wamekuwapo Tanzania tangu mwaka 1903 na ambao wengi wao wamefundishwa kula hivyo. Hatuwalaumu waliompokea, walifanya tulichopaswa kufanya sisi. Lakini tusidanganyane kwamba aliondoka kwa sababu ya siku ya kuabudu. Aliondoka kwa sababu ya sahani. Tulimpoteza ndugu kwa kicheko cha dakika moja, na siku ile sisi watano tulikuwa chumbani humo na hatukusema neno. Hilo ni kosa letu, na tunaliungama hapa.

Ungamo hilo lilitufanya tuangalie nani mwingine hayupo. Tulipohesabu wenye nyumba wanaopokea jumuiya kwa zamu, tuligundua kwamba mama mmoja mjane hajapokea kwa miaka miwili. Kila zamu yake ikifika, anasema anaumwa. Tulikwenda kumwona. Hakuwa anaumwa. Alituambia, akitazama chini, kwamba hawezi kununua kilo tatu za nyama, na hawezi kuwaita watu wa Mungu awape maharage. Nani alimfundisha kwamba maharage ni aibu? Hakuna mzee wa kanisa aliyetoa amri hiyo. Tuliitoa sisi sote, jioni baada ya jioni, kwa kusifia nyumba zenye nyama na kwa kuuliza kwa utani, "Leo kuna nini?" kabla ya kufungua Biblia.

Ndugu zetu, hapo ndipo tulipoelewa kwamba hoja yetu si ya watu sita. Asiyekula nyama kwa kupenda na asiyekula nyama kwa kukosa wanazuiwa kwenye mlango mmoja. Tumeifanya nyama kuwa kiingilio cha ushirika. Paulo aliwakemea Wakorintho, katika sura ya 11 ya waraka wa kwanza, kwa sababu kwenye mikutano yao mmoja alishiba na mwingine akabaki na njaa, na wasio na kitu wakatahayarishwa. Sisi hatujafika mbali na hapo. Nyumba ngapi zimekopa dukani ili jumuiya ile nyama? Ngapi zimesema zinaumwa?

Hatutaki kuwaachia wengine mzigo wote. Kwa wenzetu walioacha nyama karibuni, hasa ninyi mlio peke yenu katika jumuiya zenu, tuna maneno ya wazi. Mwambie mwenyeji mapema, siku mbili kabla, kwa unyenyekevu. Usimshtukize na chakula kikiwa mezani. Njoo na bakuli lako limejaa, na litoshe kuwaonjesha wengine. Kisamvu kilichotiwa karanga kikapikika vizuri kinashinda mahubiri kumi. Usihubiri juu ya nyama ukiwa kwenye meza ya mtu. Wewe ni mgeni, na amri ya kutohukumu ni yako. Kula vizuri nyumbani: maharage, choroko, karanga, mboga za majani, na kama unakula mayai na maziwa, usiyadharau. Ukiacha hata hivyo, muulize mganga kuhusu vitamini B12, maana mimea haitoi. Mwili ulioachwa udhoofike hautamshuhudia mtu yeyote. Na juu ya yote, tafuta mwenzako mmoja. Kidole kimoja hakivunji chawa. Bwana aliwatuma wanafunzi wawili wawili, wala hakuwatuma hivyo kwa sababu ya uchache wa kazi.

Na kwa usharika wetu, kwa wazee, kwa wainjilisti, kwa kamati za harusi na misiba, tunaomba mambo manne. Pawe na sufuria moja isiyo na nyama kila tunapokula pamoja, na mwiko wake. Utani juu ya sahani ya mtu ukome, na mzee wa jumuiya awe wa kwanza kuukomesha. Sisi tulinyamaza mara moja na hatutanyamaza tena. Warumi 14 ihubiriwe yote, kwa pande zote mbili za meza. Na kila jumuiya ichague angalau jioni moja kwa mwezi ambapo chakula ni kile ambacho nyumba iliyo maskini kuliko zote inaweza kupika bila kukopa. Jambo la nne ndilo kubwa. Mkilifanya hilo, hayo matatu yatafuata yenyewe, nasi hatutahitaji kuitwa kwa jina lolote.

Tumekwisha kuambiwa kwamba tunakuza jambo dogo. Kama ni dogo, basi lifanyike. Ni sufuria tu. Lakini kama sufuria ya maharage inaleta ubishi wa mwaka mzima kati ya watu waliobatizwa kwa jina moja, basi jambo hilo si dogo, na si sisi tulioanza kulikuza.

Alhamisi ijayo jumuiya iko kwa yule mama mjane. Ameshakubali. Atapika kiburu, na sisi tutapeleka mchicha, parachichi na sukari ya chai. Waliozoea nyama wataikosa kwa jioni moja, kama sisi tulivyokaa jioni nyingi. Tumemwalika na fundi wetu. Alisema ataona. Akija, tunaomba jambo moja tu kwa kila atakayekuwapo: mpeni kiti, mpeni sahani, na msimuulize chochote.